Kanisa la Beijing na Ugomvi wa Vibao vya Mababu

Katika historia ndefu ya Wakristo kupeleka dini yao kwenye miji ya mbali, ni mahali pachache ambapo wageni walipokewa kwa sababu ya elimu yao kabla ya kusikilizwa kuhusu imani yao kama ilivyokuwa Beijing, mji mkuu wa China, kuanzia mwaka 1601. Kanisa lililopandwa huko na watawa wa Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti, lilistahimili kuanguka kwa nasaba moja ya wafalme na kuinuka kwa nyingine, likapita katika kesi iliyokaribia kumuua kiongozi wake, kisha likajeruhiwa vibaya na uamuzi uliotolewa Roma na watu ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga ardhi ya China. Uamuzi huo ulihusu heshima wanazopewa wazazi na mababu waliofariki, na kwa hiyo msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye huenda katika ukoo wake suala la matambiko limewahi kuwagawa ndugu, hatajiona mgeni katika habari hizi.

Aliyefungua njia ya Beijing alikuwa Matteo Ricci, Mwitalia aliyezaliwa Macerata mwaka 1552 na kusomea hisabati Roma chini ya Christopher Clavius, mtaalamu aliyeshiriki kutengeneza kalenda ya Gregori tunayoitumia leo. Aliondoka Lisbon mwaka 1578 kwa merikebu za Wareno, ambazo zilitia nanga Kisiwa cha Msumbiji kabla ya kuvuka bahari kwenda Goa, na mwaka 1582 akafika Macao, kituo cha biashara cha Wareno katika pwani ya kusini ya China. Mkubwa wa Wajesuiti wa Mashariki, Alessandro Valignano, alikuwa amekwisha kukataa desturi iliyozoeleka Macao ya kumtaka Mchina aliyebatizwa avae, aishi na kujiita kama Mreno, akaagiza kwamba mapadre ndio wajifunze Kichina, kukisema na kukiandika, hata kama kazi hiyo ingewachukua miaka.

Mwaka 1583 Ricci na mwenzake Michele Ruggieri waliruhusiwa kukaa Zhaoqing, mji wa mkoa wa Guangdong, nao wakanyoa nywele na kuvaa kanzu za watawa wa Kibuddha, wakidhani kwamba hilo ndilo vazi ambalo Wachina wangelitambua upesi kuwa la watu wa dini. Ilichukua muda kubaini kwamba katika macho ya wenye madaraka watawa hao hawakuwa na heshima kubwa, kwani China ilitawaliwa na tabaka la wasomi waliopata vyeo kwa kufaulu mitihani migumu ya serikali iliyotungwa kutokana na vitabu vya mafundisho ya Confucius, mwanafalsafa aliyeishi takriban miaka 500 kabla ya Kristo. Kufikia mwaka 1595 Ricci alikuwa amefuga nywele na ndevu, amevaa joho la hariri la wasomi, na ameandika kwa Kichina kitabu kidogo kuhusu urafiki kilichosomwa kwa furaha na watu ambao hawakuwa na haja yoyote ya kubatizwa. Uamuzi huu wa kuja kama msomi miongoni mwa wasomi ndio uliobeba yote yaliyofuata, mema na magumu.

Safari ya mwisho ya kuelekea mji mkuu haikuwa rahisi. Njiani Ricci na Mhispania Diego de Pantoja walizuiwa kwa miezi na Ma Tang, towashi mwenye nguvu aliyekusanya kodi kwa niaba ya mfalme, ambaye alipopekua mizigo yao alikuta msalaba wenye sanamu ya mtu aliyepigiliwa misumari, damu ikimtiririka, akaamini kwamba ni dawa ya uchawi iliyokusudiwa kumdhuru mfalme. Ni tukio la kutafakari sana, kwa sababu alama ambayo kwa mapadre ilikuwa kiini cha Habari Njema ilisomwa na Mchina kama ushahidi wa jinai, na tangu hapo Wajesuiti wakawa waangalifu kuhusu lini na kwa nani waionyeshe.

Waliingia Beijing tarehe 24 Januari 1601 wakiwa na picha za Kristo na Bikira Maria, kinanda cha nyuzi, vioo vya kupasua mwanga na saa mbili zinazojigonga zenyewe. Kaizari Wanli, aliyekuwa akiishi ndani ya kasri bila kuonana hata na mawaziri wake, hakuwahi kukutana na Ricci uso kwa uso, lakini saa zilimteka: matowashi wanne walitumwa kujifunza kwa mapadre jinsi ya kuzitia ufunguo na kuzirekebisha, na mnara ukajengwa kwa ajili ya ile kubwa. Kwa kuwa hakuna fundi mwingine aliyezijua barabara, wageni hao waliruhusiwa kuingia kasri mara nne kwa mwaka kuzihudumia, na katika mji ambao mgeni alitakiwa kuondoka mara tu baada ya kutoa zawadi zake, ruhusa hiyo ilikuwa sawa na hati ya ukazi.

Mwaka 1605 walinunua nyumba karibu na Lango la Xuanwu, na hapo likaanza kanisa linalojulikana hadi leo kama Nantang, yaani Kanisa la Kusini. Idadi ya waliobatizwa iliongezeka polepole. Ricci alipofariki tarehe 11 Mei 1610, Wakristo katika China nzima walikuwa takriban 2,500. Lakini miongoni mwao walikuwamo watu wazito. Xu Guangqi, mzaliwa wa Shanghai aliyebatizwa mwaka 1603 na baadaye kupanda hadi kuwa mmoja wa mawaziri wakuu, alitafsiri pamoja na Ricci vitabu sita vya kwanza vya jiometri ya Euclid, vilivyochapishwa mwaka 1607. Li Zhizao alichapa pamoja na Ricci ramani kubwa ya dunia mwaka 1602, akasaidia kazi zote za misheni, lakini akanyimwa ubatizo kwa miaka kadhaa kwa sababu alikuwa na suria, hadi alipobatizwa mwaka 1610, miezi michache kabla Ricci hajafa. Mfalme alitoa kiwanja nje ya ukuta wa magharibi ili padre huyo azikwe Beijing, heshima ambayo mgeni wa kawaida hakuipata.

Vizazi viwili vilivyofuata viliishi kwa kalenda. Katika China kalenda ilikuwa jambo la dola, kwa kuwa mfalme alihesabiwa kuwa kiungo kati ya mbingu na watu, na kukosea kutabiri kupatwa kwa jua kulitia shaka juu ya haki yake ya kutawala. Mwaka 1629 hesabu za Wajesuiti kuhusu kupatwa kwa jua zilishinda zile za wanafalaki wa serikali, na baada ya nasaba ya Ming kuanguka mwaka 1644, Mjerumani Johann Adam Schall von Bell aliteuliwa na watawala wapya wa Qing kuongoza Idara ya Falaki. Cheo hicho kilimletea maadui. Mwaka 1664 msomi Yang Guangxian alimshtaki kwa uhaini, mwaka uliofuata akahukumiwa kifo, na ni tetemeko la ardhi lililoupiga mji, likachukuliwa kuwa onyo la mbingu, ndilo lililomwokoa. Wanafalaki watano Wachina, Wakristo waliofanya kazi chini yake, hawakuokolewa, nao walikatwa vichwa. Vitabu vingi vinavyomsifu Schall huwataja watu hao kwa sentensi moja tu, ilhali ndio waliolipa deni lote. Ferdinand Verbiest, Mjesuiti kutoka Flanders, alirudisha heshima ya misheni mwaka 1669, na mwaka 1692 Kaizari Kangxi akatoa amri iliyoruhusu ibada ya Kikristo makanisani.

Hata hivyo, ugomvi ulikuwa umekwisha kuota mizizi ndani ya Kanisa lenyewe. Kila nyumba ya Kichina ilikuwa na vibao vya mbao vilivyoandikwa majina ya waliofariki, ambavyo wanafamilia waliviinamia, wakavifukizia ubani na kuviwekea chakula. Wasomi nao walimfanyia Confucius heshima kama hizo. Ricci aliona humo adabu ya mtoto kwa wazazi na shukrani ya mwanafunzi kwa mwalimu, mambo ambayo Mkristo angeweza kuyaendeleza akiacha yale yenye ushirikina wa wazi. Wadominiko na Wafransisko, waliofika katika miaka ya 1630 na kufanya kazi zaidi na watu wa kawaida mkoani Fujian kuliko na wasomi wa Beijing, waliona ibada ya wafu. Haifai kuwadharau, kwa kuwa maskini wa Fujian huenda kweli aliamini kwamba roho ya babu hukaa katika kibao, jambo ambalo waziri wa Beijing angelikana. Roma yenyewe iliyumba: mwaka 1645 ilikataza, mwaka 1656 ikaruhusu.

Mwaka 1693 Charles Maigrot, mwakilishi wa Papa katika Fujian, alipiga marufuku desturi hizo katika eneo lake, pamoja na baadhi ya majina ya Kichina ya Mungu. Kangxi alitangaza mwaka 1700 kwamba heshima hizo ni za kijamii, si za kidini, lakini Papa Clement wa 11 alizikataza mwaka 1704. Mwaka 1706 Maigrot aliitwa mbele ya mfalme, akaulizwa maandishi manne yaliyokuwa juu ya kiti cha enzi yanasema nini, na baada ya zaidi ya miaka 20 nchini China aliweza kusoma moja tu. Kangxi alishangaa kwamba mtu asiyejua kusoma anathubutu kueleza maana ya mafundisho ya Wachina, akamfukuza, na akaamuru kwamba atakayebaki nchini ni mmisionari anayekubali kufuata kanuni za Ricci na kukaa China maisha yake yote. Papa alirudia katazo mwaka 1715, mfalme aliyefuata, Yongzheng, akaupiga Ukristo marufuku mwaka 1724, na Benedict wa 14 akafunga mjadala mwaka 1742 kwa kuwalazimisha wamisionari wote kula kiapo. Mapadre wachache waliachwa Beijing kama wachoraji, wanafalaki na mafundi wa saa, huku Wakristo wa mikoani, waliokadiriwa kufikia 200,000 mwanzoni mwa karne hiyo, wakitunzwa kwa sehemu kubwa na makatekista na walei.

Mzigo wa uamuzi huo ulivuka mpaka. Wasomi wa Korea waliosoma vitabu vya Kichina vya Wajesuiti, kikiwemo cha Ricci kuhusu Bwana wa Mbingu, walimtuma Beijing Yi Seung-hun, aliyebatizwa huko mwaka 1784, naye aliporudi alianzisha kanisa ambalo halikuwa na padre hata mmoja. Walipomwandikia askofu wa Beijing kuhusu vibao, jibu lilikuwa kwamba haviruhusiwi. Mmoja wa Wakristo hao, Yun Ji-chung, alivichoma vya ukoo wake, akakataa kumfanyia mama yake aliyefariki ibada za kimila, akauawa na serikali mwaka 1791. Padre aliyetumwa kwao kutoka Beijing, Mchina Zhou Wenmo, aliuawa mwaka 1801. Tarehe 8 Desemba 1939 Roma iliwaruhusu Wakatoliki wa China kuziheshimu picha na vibao vya wazazi wao, na mwaka 2014 Papa Francis, aliyekuwa Mjesuiti, aliwatangaza Yun na Zhou kuwa wenyeheri mjini Seoul.