Nakshi za Herat

Fungueni madaftari yenu. Leo tutasafiri mbali, mpaka mji wa Herat katika nchi ya Afghanistan.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno hili: NAKSHI. Nadhani wote mnalijua. Milango ya kale ya Zanzibar na Lamu ina nakshi. Neno hili asili yake ni Kiarabu, na watu wa Herat nao walilichukua. Mchoraji wa picha za vitabu waliita naqqash, maana yake mtia nakshi.

Miaka 600 iliyopita, Herat ilitawaliwa na ukoo wa Timur. Mjukuu wake mmoja, Baysunghur, aliyekufa mwaka 1433, alikuwa na karakana ya vitabu. Mashine ya kupiga chapa haikuwako, basi kila kitabu kiliandikwa kwa mkono. Mmoja aliandika maneno, wa pili akapamba kingo kwa maua na dhahabu, wa tatu akachora picha, wa nne akajalidi. Barua moja ya msimamizi wa karakana hiyo, Jafar, ingali imehifadhiwa Istanbul. Humo anamweleza bwana wake kazi imefika wapi. Fundi fulani amemaliza kuchora mawimbi ya bahari, sasa ataanza kutia rangi. Mwingine anapamba ukurasa wa mwanzo wa kitabu cha wafalme, lakini macho yalimwuma siku chache. Mimi hupenda sana habari hiyo ya macho. Historia hutupa majina mengi ya wafalme. Mara chache hutuambia fundi aliumwa nini.

Na kazi yenyewe huumiza macho kweli. Brashi ilitengenezwa kwa nywele za paka. Karatasi ilipakwa wanga, ikasuguliwa kwa jiwe mpaka ikateleza. Rangi ya buluu ilitoka katika jiwe liitwalo lapisi lazuli, linalochimbwa milima ya Badakhshan, huko huko Afghanistan, tangu zamani za Mafirauni. Dhahabu je? Ilifuliwa ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, ikasagwa pamoja na asali, kisha ikaoshwa kwa maji. Asali huyeyuka ikaenda zake, dhahabu ikabaki chini. Ikisha kupakwa na kukauka, husuguliwa kwa akiki mpaka ing'ae.

Kazi kama hii haijifunzwi kwa maneno matupu. Mtoto hukaa karibu na mkono wa mkubwa wake miaka mingi. Fundi mashuhuri kuliko wote, Behzad, alikuwa yatima. Alilelewa na Mirak, mkuu wa karakana ya Herat, naye ndiye aliyemfundisha. Mwaka 1488 Behzad alichora picha za kitabu ambacho sasa kimewekwa Cairo. Picha moja ni ya Nabii Yusuf akimkimbia Zulekha. Kisa mnakijua. Behzad hakuchora watu wawili tu chumbani; alichora jumba zima, ngazi juu ya ngazi, na milango yote imefungwa. Ukiitazama, moyo unakwenda mbio pamoja na Yusuf. Jina lake mwenyewe aliliandika dogo sana, ndani ya nakshi za ukuta.

Mwaka 1507 Wauzbeki waliuteka mji. Mwaka 1510 akaja Shah Ismail wa Uajemi. Majeshi hubomoa kuta, lakini ujuzi wa mikono hutembea na mwenyewe. Behzad alihamia Tabriz, na mwaka 1522 akawekwa kuwa mkuu wa maktaba ya mfalme. Mpwa wake, Rustam Ali, alikuwa mwandishi wa hati nzuri. Kwa hiyo kazi ilibaki katika nyumba, ingawa mji ulipotea.

Na leo? Taliban walishika Herat mwaka 1995 na Kabul mwaka 1996, wakapiga marufuku picha za viumbe wenye uhai. Walipoondolewa, mafunzo yalianza tena. Tangu mwaka 2006 shirika liitwalo Turquoise Mountain limefundisha hati na uchoraji huu Kabul. Taliban walirudi Agosti 2021, na sheria yao ya mwaka 2024 yakataza tena vyombo vya habari kutoa picha za wenye uhai. Maua na kingo za dhahabu hazina uhai, basi hizo fundi aweza kuzichora mchana mlango wazi. Uso wa mtu ni jambo jingine. Nao uso ndio unaochukua miaka mingi kujifunza.

Sasa zimeni redio, mzungumze haya. Katika kijiji chenu, ni kazi gani ya mikono inayojulikana na nyumba moja tu? Na ni nani katika nyumba hiyo anayefundishwa sasa? Andikeni jina la kazi hiyo, na sentensi tatu juu yake. Kwaherini.