Kigugumizi cha Kusoma: Utetezi wa Istilahi Iliyokataliwa

Kiongozi cha mwalimu wa madarasa ya awali kilichonifikia hivi karibuni kinaiita disleksia "upofu wa maneno". Kurasa chache mbele, dhana hiyohiyo inaitwa "ulemavu wa kusoma", na katika jedwali la mwisho inageuka "matatizo ya kusoma". Dhana moja imepewa majina matatu ndani ya jalada moja, na hakuna hata moja linalofaa. Kazi hiyo imepita mikononi mwa kamati yenye wataalamu na bajeti, ndiyo sababu siwezi kuinyamazia.

Nianze na upofu, maana ndio mkongwe. Mwaka 1877 daktari Mjerumani Adolf Kussmaul aliandika juu ya watu waliopoteza uwezo wa kusoma ingawa macho yao yalikuwa mazima, akaiita hali hiyo upofu wa maneno. Miaka kumi baadaye Rudolf Berlin, daktari wa macho wa Stuttgart, alichapisha kitabu chake juu ya disleksia. Mwaka 1896 W. Pringle Morgan, daktari wa Seaford nchini Uingereza, alieleza habari za mvulana wa miaka 14, mwerevu na hodari wa hesabu, ambaye alipoandika jina lake Percy aliandika Precy. James Hinshelwood, daktari wa macho wa Glasgow, akaitolea hali hiyo kitabu mwaka 1917. Msomaji ameona mkondo huo: madaktari, wawili kati yao wa macho, walikutana na ugumu wa kusoma wakautafutia jina katika uoni. 

Utafiti uliofuata umeuondoa ugonjwa huo machoni. Mwaka 1979 Frank Vellutino alikusanya ushahidi wa kukanusha dai kwamba watoto hawa huona herufi kombo. Mwaka 1983 Lynette Bradley na Peter Bryant wa Oxford walionyesha kwamba mtoto asiyetambua sauti zinazofanana katika maneno, hata kabla hajajua kusoma, ndiye anayekuja kupata shida ya kusoma na kuandika, na kwamba kumfundisha kuzipanga sauti hizo kunamsaidia. Chanzo kikuu, basi, kiko katika namna mtoto anavyozishika sauti za lugha yake. Kumwita mtoto huyo kipofu mwaka huu ni kumrudisha mwalimu zaidi ya karne moja nyuma, na ni kumtuma mzazi kwa fundi wa miwani.

"Ulemavu wa kusoma" nao una ila ya namna nyingine. Kulemaa ni kiungo kukosa kazi yake, na kutoka kitenzi hicho tumepata kilema, mlemavu na ulemavu. Haki za watu wenye ulemavu nazithamini, na Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2010. Hata hivyo mtoto mwenye disleksia husoma: husoma polepole, kwa jasho, na akifundishwa vema huendelea. Lililo baya zaidi ni kwamba masikioni mwa wazazi wengi ulemavu wa shuleni husikika kama upungufu wa akili, na huko ndiko mtoto huchanganywa na wale wanaosemwa kwa jumla kuwa na mtindio wa ubongo. Ama "matatizo ya kusoma", hilo ni kapu tu. Humo anaingia mtoto wa darasa lenye wanafunzi mia na vitabu kumi, mwenye njaa, na asiyejua Kiswahili alipoanza shule. Istilahi isiyobagua hali moja na nyingine haijastahili kuitwa istilahi.

Wapo wanaotaka tutohoe tu: disleksia, basi. Nimelitumia neno hilo hapa ili tuelewane, lakini silipendekezi darasani. Mwalimu wa darasa la pili hawezi kulivunja akapata maana. Na hao wanaotuhimiza kutohoa kwa heshima ya Kigiriki wangetazama Kigiriki chenyewe. Sehemu ya kwanza, "dys", ni ugumu au ubovu wa jambo. Sehemu ya pili, "lexis", ni neno au usemi, na imetoka katika kitenzi cha Kigiriki cha kusema. Kitenzi kinachofanana nacho na chenye maana ya kusoma ni cha Kilatini. Kwa hiyo Berlin, kwa kujua au kutojua, aliipa hali hii jina la ugumu wa usemi.

Hapo ndipo istilahi yangu inaposimama: kigugumizi cha kusoma.

Naitetea kwa sababu tatu. Ya kwanza ni mzizi. Kugugumia ni kumeza kwa mikupuo yenye sauti, na kugugumiza ni kusema kwa kusitasita, neno likikwama kooni. Neno limeumbwa kwa mlio wa jambo lenyewe: gu-gu. Mtoto anayehangaika na "ba-ba-ra-ra-bara" anasikika ndani yake.

Ya pili ni sarufi ya heshima. Katika ngeli ya ki- tuna majina yanayommeza mtu mzima, kama kipofu, kiziwi na kilema, ambapo mtu na hali yake wamekuwa kitu kimoja. Tuna pia majina ya hali anayokuwa nayo mtu: kifafa, kithembe, kigugumizi. Hakuna asemaye "yule ni kigugumizi". Husemwa "ana kigugumizi". Tena msikilizaji mwungwana hamdhanii mwenye kigugumizi kuwa mjinga. Humngoja amalize, kwa kuwa anajua maneno yamo. Subira hiyo ndiyo anayoihitaji mwanafunzi wetu, na lugha inayo tayari.

Ya tatu ndiyo nzito, na ndiyo ambayo wapinzani wangu hawajaijibu. Disleksia haionekani kwa sura moja katika kila lugha. Heinz Wimmer aliwachunguza watoto wa Austria, ambao Kijerumani chao huandikwa kwa karibu kama kinavyotamkwa. Mwaka 1993 alieleza kwamba wenye disleksia miongoni mwao walisoma maneno mengi kwa usahihi, ila kwa mwendo wa kukokota. Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake walionyesha kwamba Waitaliano, Wafaransa na Waingereza wenye hali hii hufanana katika utendaji wa ubongo wakati wa kusoma, lakini Waitaliano husoma kwa usahihi zaidi kwa sababu tahajia yao ni nyoofu. Kiswahili kiko upande wa Kiitaliano. Irabu zetu ni tano na kila moja ina sauti yake. Katie Alcock na Damaris Ngorosho walionyesha mwaka 2003 kwamba hata tahajia nyoofu kama yetu haiji yenyewe kwa mtoto. Basi tunaweza kutarajia kwamba dalili kubwa ya disleksia katika Kiswahili ni kusitasita, na jina la kusitasita tunalo tangu babu zetu.

Nilipoliwasilisha neno hili katika kikao kimoja cha istilahi, mjumbe mmoja alisema kwamba ni la mtaani na kwamba litachanganywa na kigugumizi cha usemi. Mwingine, ambaye baadaye nilimwona akilitetea "tatizo la usomaji" kama mwanawe wa kumzaa, alisema halina uzito wa kitaaluma. Sikupewa nafasi ya kujibu, kwa hiyo najibu hapa. Mwenye kigugumizi cha usemi hukwama anapozungumza. Mwenye kigugumizi cha kusoma hukusimulia hadithi kwa ufasaha, akakwama mbele ya maandishi ya hadithi hiyohiyo. Maneno "cha kusoma" yanaitenga hali ya pili na ya kwanza. Ama neno kuwa la mtaani, kueleweka na watu hakulipunguzii uzito.

Matumizi ni mepesi: mwanafunzi mwenye kigugumizi cha kusoma, kigugumizi cha kuandika kwa upande wa tahajia, apewe muda wa ziada katika mtihani, na asilazimishwe kusoma kwa sauti mbele ya wenzake.

Kwa mwalimu lipo jambo la kushika mapema. Tathmini ya kusoma ya darasa la pili iliyofanyika Tanzania Bara mwaka 2013 ilihesabu maneno sahihi kwa dakika. Kipimo cha namna hiyo, kikitumiwa na mwalimu juu ya mtoto mmojammoja, kinaweza kumwonyesha mwenye kigugumizi cha kusoma, kwa sababu kinapima mwendo. Mwalimu anayetafuta upofu atamkosa, kwa kuwa mtoto anasoma kwa usahihi. Anayetafuta ulemavu atamwogopa. Anayejua kwamba anatafuta kigugumizi atasikiliza, naye atamsikia. Kamati ikikaa tena kukisahihisha kiongozi chake, ianzie hapo.