Mvua ya Mwaka 1816

Mtu wa mjini aliyekwenda shamba kupumzika, akakutwa huko na mvua asiyoitazamia, anaijua hali hiyo vizuri. Siku ya kwanza hulala. Siku ya pili hukaa akitazama maji yanavyochuruzika makutini, na kuhesabu masufuria yaliyotegwa chini ya panapovuja. Siku ya tatu bao huletwa barazani na karata hutafutwa, na ifikapo magharibi kila mmoja ameshamchoka mwenziwe. Ndipo bibi aliyekaa kimya tangu asubuhi anaposema “Paukwa!”, na wakubwa kwa wadogo wakaitikia “Pakawa!”

Nataka kusimulia habari za nyumba moja ya shamba iliyo mbali na minazi yetu, ambamo mvua iliwafungia watu watano mwezi wa Juni 1816. Wapenzi wa ushairi huenda wamekwishasikia sehemu ya kisa hicho, maana wawili kati yao walikuwa washairi wakubwa wa lugha ya Kiingereza. Lakini kisa hicho husimuliwa kuanzia mlangoni mwa nyumba, na mimi naomba ruhusa ya msomaji nianzie kisiwani, kwa sababu mvua yenyewe ilianzia kisiwani.

Kisiwa hicho ni Sumbawa, mashariki ya Java, katika nchi iitwayo leo Indonesia. Mlima wa moto wa Tambora ulianza kunguruma kwa nguvu tarehe 5 Aprili 1815, na jioni ya tarehe 10 ukapasuka. Wataalamu wanauhesabu mlipuko huo kuwa mkubwa kupita yote iliyopata kuandikwa na wanadamu. Sauti yake ilifika Sumatra, mwendo wa zaidi ya kilomita 2,000, na huko Java, iliyokuwa wakati ule mikononi mwa Waingereza, askari walitolewa kambini kwa kudhani kuwa ni mizinga ya adui. Makumi ya maelfu ya watu walikufa. Baadhi yao kwa moto na majivu, na wengi zaidi kwa njaa na maradhi yaliyofuata baada ya mashamba kufukiwa. Moshi wa kiberiti ulipanda hadi tabaka za anga zilizo juu ya mawingu, ambako hakuna mvua ya kuuosha. Huko uligeuka kuwa ukungu mwembamba, ukatanda duniani, ukawa unairudisha sehemu ya miale ya jua kabla haijatufikia. Mwaka uliofuata, kiangazi cha Ulaya ya magharibi kiligeuka kipupwe. Huko New England, Marekani, theluji ilianguka mwezi wa Juni. Watu wa Ulaya waliitazama mvua isiyokoma wasijue imetoka wapi. Ilibidi karne nzima ipite ndipo wanasayansi walipoufunga uzi baina ya mlima ule na baridi ile.

Sasa tuingie nyumbani. Lord Byron, mwenye umri wa miaka 28, aliondoka Uingereza mwezi wa Aprili 1816 baada ya kutengana na mkewe kwa kashfa kubwa. Alifuatana na tabibu kijana wa miaka 20, John William Polidori, aliyekuwa ameahidiwa na mchapishaji wa Byron paundi 500 ili aandike shajara ya safari. Byron alikodi jumba liitwalo Villa Diodati huko Cologny, juu ya ziwa la Geneva. Chini yake kidogo, ng'ambo ya shamba la mizabibu, walikaa Percy Bysshe Shelley, mwenye miaka 23, na Mary Godwin, mwenye miaka 18, pamoja na mtoto wao mchanga. Walikuwa hawajaoana, kwani Shelley alikuwa na mke Uingereza. Wa tano alikuwa Claire Clairmont, ndugu wa kambo wa Mary, ambaye tayari alikuwa na mimba ya Byron. Msomaji ataona kwamba haikuwa familia ya kwenda nayo shamba kwa utulivu. Waingereza waliopanga hotelini upande wa pili wa ziwa walikuwa wakiichungulia nyumba hiyo kwa darubini.

Walikuja kwa ajili ya ziwa, mashua na milima, na mvua ikawanyima vyote. Mary aliandika barua tarehe 1 Juni akizisifu radi za huko kwamba hajapata kuona mfano wake, jinsi umeme ulivyokuwa ukicheza kati ya mawingu. Lakini mtu hawezi kutazama radi mwezi mzima. Wakawasha moto, wakachukua kitabu kiitwacho *Fantasmagoriana*, mkusanyo wa hadithi za vizuka uliotafsiriwa kutoka Kijerumani na kuchapishwa Paris mwaka 1812, wakawa wakisomeana. Ndipo Byron aliposema kwamba kila mmoja wao naye atunge hadithi yake ya kutisha.

Mazungumzo mengine yalihusu uhai wenyewe: unatoka wapi, na je, unaweza kurudishwa? Galvani wa Bologna alikwishaonyesha kwamba mguu wa chura aliyekufa hurukaruka ukiguswa na umeme, na mpwawe, Aldini, mwaka 1803 aliifanya maiti ya mtu aliyenyongwa London ikunje uso na kufumbua jicho mbele ya watu. Wanaume walizungumza, Mary akasikiliza. Mwenyewe alisema hivyo baadaye, wala hakulalamika.

Shajara ya Polidori inatueleza kwamba tarehe 17 Juni wote walikuwa wamekwishaanza hadithi zao isipokuwa yeye. Usiku uliofuata Byron alikariri *Christabel*, utungo wa Coleridge juu ya mwanamke mzuri mwenye siri ya kuogofya mwilini. Shelley akapiga ukelele, akakamata mshumaa, akakimbia nje ya chumba. Polidori alimmwagia maji usoni na kumnusisha dawa. Alipotulia alieleza kuwa alikuwa akimtazama Mary, mara akajiwa na sura ya mwanamke mwenye macho kifuani.

Mary anasema kwamba usiku mmoja, akiwa kitandani macho yamefumba lakini usingizi haupo, alimwona mwanafunzi wa elimu haramu amepiga magoti kando ya kiumbe alichokiunga mwenyewe, na kiumbe kikaanza kutikisika. Alipofumbua macho aliona mwanga wa mwezi ukipenya dirishani. Mwaka 2011 wanafalaki wa chuo kikuu kimoja cha Texas walipiga hesabu ya mwezi ulivyopita juu ya kilima cha Cologny, wakasema kwamba mwanga huo ungeweza kuingia chumbani mwake saa nane za usiku kuamkia tarehe 16 Juni. Hesabu hiyo inapatana na shajara ya tabibu.

Na washairi wawili walifanya nini? Shelley aliitupa hadithi yake karibu palepale. Byron aliandika kurasa chache juu ya msafiri wa ajabu aitwaye Darvell, kisha akaacha. Tarehe 22 Juni walipanda mashua kulizunguka ziwa, wakakumbwa na dhoruba karibu na Meillerie. Shelley hakujua kuogelea. Alikaa akishikilia sanduku, akikataa kuokolewa. (Bahari ya Italia ilimchukua miaka sita baadaye, mwaka 1822.) Waliporejea, mvua iliwazuia tena bandarini Ouchy, na katika hoteli ya hapo Byron alitunga *The Prisoner of Chillon*, kisa cha mfungwa wa ngome waliyotoka kuizuru. Kwa hiyo si kweli kwamba mvua haikumfaa. Mwezi wa Julai akatunga *Darkness*, utungo wa jua lililozimika, watu wakayachoma majumba yao ili wapate kuonana nyuso.

Hapa msomaji wa pwani hana budi kumkumbuka Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga *Al-Inkishafi* katika miongo ileile ya mwanzo wa karne ya 19. Naye ana kumbi zilizokuwa na taa na sasa zina giza, na popo na bundi ndio wenyeji wake. Hapana aliyemsikia mwenziwe. Lakini Byron alikuwa akibuni giza la dunia nzima akiwa karibu na moto wa nyumba ya kukodi, na mwenzetu alikuwa na Pate iliyoanguka kweli, na maneno yake aliyaelekeza kwenye moyo wake mwenyewe. Kwa maoni yangu utungo wa Byron unashtua zaidi, na wa Sayyid Abdalla ndio unaobaki na mtu.

Waliolima mizabibu na ngano kuizunguka nyumba ile hawakuwa likizoni. Mavuno ya mwaka 1816 yaliharibika, na mwaka 1817 ukawa mwaka wa njaa Uswisi, hasa sehemu za mashariki, ambako watu walichuma majani ya porini wakala. Baridi ya miaka hiyo iliuvimbisha pia mto wa barafu wa Giétro, ukaziba bonde la Bagnes na kufanya ziwa nyuma yake. Boma hilo la barafu lilipasuka tarehe 16 Juni 1818, miaka miwili kamili tangu usiku wa Mary kwa hesabu ya wale wanafalaki, na kuua watu zaidi ya arubaini.

Wakati huo kitabu cha Mary kilikuwa kimekwishatoka. *Frankenstein* ilichapishwa tarehe 1 Januari 1818, nakala 500, bila jina la mtunzi, na dibaji yake ikaandikwa na Shelley kana kwamba ndiye mwenye kitabu. Walter Scott, aliyekisifu, alidhani ni cha Shelley. Jina la Mary liliwekwa katika chapa ya 1823, mumewe akiwa amekwishakufa. Hata leo wako wanaodhani kwamba Frankenstein ni jina la lile zimwi. Ni jina la aliyeliumba, ambaye hakulipa hata jina.

Polidori alitendewa vibaya zaidi. Aliuchukua mwanzo ulioachwa na Byron, akautungia hadithi kamili ya mnyonya damu, na mwaka 1819 jarida moja la London likaichapa kwa jina la Byron. Byron alikana, Polidori alidai haki yake, na wanunuzi wakapendelea jina kubwa. Alikufa mwaka 1821, umri wake miaka 25. Kabla yake mnyonya damu wa Ulaya alikuwa maiti ya kijijini iliyovimba. Yeye ndiye aliyemvika suti na kumketisha sebuleni mwa wakubwa. Sisi tuliolelewa kwa kutishwa na mumiani hatushangai. Mumiani wa enzi ya ukoloni naye hakutoka makaburini, alikuwa mtu wa cheo, au mtumishi wake.

Basi nyumba ile ilitoa viumbe wawili ambao dunia haijawaacha, na wote wawili walikamilishwa na wale wasiotazamiwa: msichana aliyekuwa akisikiliza na tabibu wa kuajiriwa. Wenye majina walianza wakaacha.

Huko Sumbawa palikuwa na watu wa Tambora, wenye ufalme wao mdogo chini ya mlima na lugha yao, isiyo na udugu na lugha za majirani. Mlipuko uliwamaliza. Mwaka 2004 wachimbaji waliifukua nyumba yao mojawapo iliyofunikwa na majivu, wakakuta mabaki ya watu wawili, vyungu na mabakuli ya shaba. Lugha yao ilikuwa imeorodheshwa kidogo kabla ya msiba kwa amri ya Stamford Raffles, liwali wa Kiingereza wa Java, naye akaichapa orodha hiyo mwaka 1817, wakati Mary alipokuwa akikamilisha kitabu chake. Haijai ukurasa mmoja. Ni maneno machache ya hesabu, ya viungo vya mwili na ya vitu vya kawaida; hamna hadithi hata moja ndani yake, wala haijulikani walikuwa wakiitikiana namna gani mvua iliponyesha.