Simu ya Mkononi na Kompyuta ya Mezani

Msomaji, yako maswali ambayo vijana huyabishania kwa moto kama wa mchezo wa mpira, na moja katika hayo ni hili: je, simu ya mkononi itaiondoa kompyuta ya mezani? Wako wasemao kwamba imekwisha kuiondoa, tena hutoa hesabu. Oktoba 2016 kampuni ya StatCounter, ambayo huhesabu matumizi ya intaneti ulimwenguni, ilionyesha kwamba kwa mara ya kwanza walioingia kwa simu na vishikwambi wamewapita walioingia kwa kompyuta. Sehemu yao ilikuwa asilimia 51.3. Wengine hujibu kwamba hesabu hiyo hupima miguu ipitayo njiani, haipimi kazi iliyofanywa mwisho wa safari. Napenda tuyaache mabishano hayo kidogo, tulipeleke swali lenyewe Dandora, mtaa ulio mashariki ya mji wa Nairobi. Mahali ambapo kila shilingi imekwisha kupangiwa kazi kabla haijapatikana, watu hawanunui chombo kwa sababu ya sifa zake.

Kabla ya kufika huko, yafaa tukumbuke kwamba kompyuta ya mezani nayo ilikuja kama mgeni katika nyumba ya mwingine. Kompyuta za kwanza zilijaza vyumba. Ile iliyoitwa ENIAC, iliyoonyeshwa kwa watu mjini Philadelphia Februari 1946, ilikuwa na uzito wa tani zipatazo 30. Katika Afrika ya Mashariki mashine za namna hiyo zilikuwa mali ya serikali na mashirika makubwa. Wizara ya Fedha ya Tanzania ilipata yake mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali hiyo hiyo ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta ndogo ya kuwekwa juu ya meza ya mtu mmoja, wengi walidhani kwamba ile kubwa imekwisha. Haikwisha. Ilihamia mahali tusipoiona. Fedha ambazo mama wa Dandora huzituma kwa M-Pesa hazimo ndani ya simu yake. Huhesabiwa na kompyuta zenye nguvu nyingi, ambazo hadi mwaka 2015 zilikuwa Ujerumani, ndipo kazi hiyo ikahamishiwa Kenya.

Mashine ya taipu, kwa upande wake, iliondoka maofisini, maana karibu kila kazi iliyokuwa ikiifanya kompyuta iliweza kuifanya vizuri zaidi. Hapo ndipo penye tofauti. Chombo hakiondolewi na uzuri wa kile kipya. Huondolewa siku ambayo kazi yake ya mwisho imepata mfanyaji mwingine. Kipimo hicho ndicho nitakachokitumia.

Dandora haikuota kama uyoga. Ilipangwa. Mwaka 1975 Baraza la Jiji la Nairobi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, lilianza mpango wa viwanja vipatavyo 6,000 kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Mwenye kiwanja hakukabidhiwa nyumba kamili; aghalabu alipewa choo, bafu na maji ya bomba, akaambiwa ajenge vyumba mwenyewe kadiri atakavyopata nguvu. Wengi walijenga vyumba vya kupangisha, na baadaye vikapandishwa kuwa maghorofa. Hivyo mtaa uliokusudiwa wenye nyumba umekuwa, kwa sehemu kubwa, mtaa wa wapangaji, na mpangaji wa kawaida ana chumba kimoja. Humo mna kitanda, kochi, jiko, ndoo za maji na pazia la kugawa chumba usiku ufikapo. Pima mwenyewe, msomaji, uone kama pamebaki nafasi ya meza. Mimi naamini kwamba kilichoizuia kompyuta ya mezani kuingia katika nyumba za Dandora si bei yake peke yake, bali ni ramani ile ya mwaka 1975.

Basi kompyuta ikakaa dukani. Intaneti ilifika Kenya mwaka 1995, na mwaka huo huo Shirika la Posta na Simu likatangaza kwamba huduma hiyo yavunja sheria yake, lakini haikuzuilika. Katika miaka ya 2000 maduka ya kompyuta, ambayo watu huyaita saiba, yalienea kutoka katikati ya mji hata mitaa ya Eastlands. Kompyuta zenye vioo vya kitako kikubwa zilipangwa ukutani, zikatengwa kwa mbao, na mteja akalipa kwa dakika. Mawasiliano yalipitia setilaiti, nayo yalikuwa ya polepole na ghali sana. Kijana aliweza kumaliza fedha zake na barua ya kwanza haijafunguka. Nafuu ilikuja mwaka 2009, nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa.

Wakati huo simu ilikuwa ikija kwa njia yake. Simu za mkononi za kwanza nchini, mwaka 1993, zilikuwa vyombo vya wakubwa na matajiri. Shirika la Posta na Simu lilivunjwa mwaka 1999, na mwaka uliofuata Safaricom na Kencell wakaanza kushindania wateja. Machi 2007 ikaja M-Pesa. Juni 2009 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 iliyokuwa juu ya simu (ikairudisha mwaka 2013), na mwaka 2011 simu ya Huawei IDEOS, yenye kioo cha kugusa na uwezo wa intaneti, iliuzwa kwa shilingi zipatazo 8,000. Hapo chumba kimoja kilipata kompyuta isiyohitaji meza. Umeme ukikatika, ina betri yake; mpangaji akihama, huhama naye mfukoni. Aliyekuwa akilipa kwa dakika ili asome barua akaisoma akiwa kitandani. Saiba nyingi zilifungwa. Zile zilizokuwa na kompyuta kumi zikabaki na mbili au tatu, na nafasi iliyobaki ikawa ya M-Pesa au ya kuuza vifuniko vya simu. Mtu aliyepita Dandora siku hizo angeweza kuandika tanzia ya kompyuta ya mezani.

Angekosea, na kosa lake lingetokana na serikali na karatasi zake. Kuanzia mwaka 2014 huduma za serikali zilianza kuhamia katika tovuti ya eCitizen, na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya ikawataka watu wote wenye namba ya kodi watoe taarifa zao katika mfumo wa iTax. Walakini fomu ya taarifa hiyo ilikuwa jedwali la Microsoft Excel lenye programu ndani yake, nalo lilitaka kompyuta kamili, simu haikuliweza. Ndipo watu waliokuwa na simu nzuri mifukoni wakarudi saiba kwa miguu yao. Siku ya mwisho ni Juni 30, na nyakati hizo jioni utawaona wauguzi, walinzi na walimu wamepanga mstari mbele ya kompyuta mbili, kila mmoja ameshika simu yake, akiitumia kupitishia muda hata zamu yake ifike. Baadaye Mamlaka ilifungua njia za simu kwa taarifa nyepesi, na foleni ikapungua, haikwisha. Hali kadhalika kijana atafutaye kazi huomba cheti cha mwenendo mwema kwa simu, hulipa kwa simu, kisha lazima fomu ichapishwe ili apigwe alama za vidole juu yake. Maombi ya mkopo wa masomo, wasifu wa kuombea kazi, barua ya chama cha akina mama: vyote huishia kwa yule kijana wa saiba, ambaye kwa kweli amekuwa karani wa mtaa mzima.

Sitaki udhani kwamba karatasi ndiyo nguzo pekee. Mkono wa binadamu nao una sheria zake. Vidole kumi juu ya baobonye huandika kurasa ishirini bila taabu kubwa, na macho huona ukurasa mzima pamoja na jedwali lililo kando yake. Simu hufanya kazi bila feni. Ikitumikishwa sana hupata moto na kupunguza mwendo wake ili isiharibike. Fundi wa Dandora huifungua kompyuta ya mezani kwa bisibisi, akabadili kumbukumbu, diski au kifaa cha umeme, ikaendelea miaka mingine. Lakini simu nyingi za siku hizi zimegundishwa kwa gundi. Tena simu ni ya mtu mmoja kama mswaki, na kompyuta ya dukani ni ya wote kama kisima.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi, nalo Dandora hulijua kuliko mitaa mingi. Kila chombo kinachoondolewa lazima kiende mahali. Jaa la Dandora, lililofunguliwa miaka ya 1970 katika machimbo ya mawe yaliyoachwa, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na bado hupokea takataka za Nairobi. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa taarifa ya watoto 328 waliopimwa karibu na jaa hilo, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiasi kilichofikia au kupita mpaka uliokubaliwa wakati ule. Si haki kuzitwika kompyuta lawama yote, maana betri za magari, rangi na vitu vingine vingi vina risasi. Lakini vile vioo vya kitako kikubwa vilivyojaa saiba zetu za kwanza vilikuwa na risasi ndani ya kioo chenyewe, na wachomao nyaya ili wapate shaba huvuta moshi wake. Anayeshangilia kwamba chombo fulani kimekwisha, na aende akatazame kinakokwisha.

Narudi shuleni, maana ndiko ubishi huu unakogusa maisha yenu. Mwaka 2013 serikali mpya iliingia madarakani ikiwa imewaahidi watoto wa darasa la kwanza vipakatalishi. Mwaka 2016 ahadi hiyo ikatimizwa kwa vishikwambi. Sisi tunaofundisha vyuo vya ualimu tuliona jinsi mtoto alivyokipenda kile kioo. Kilimfaa kusoma na kutazama picha. Insha ndefu hakuiandika humo. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wanafunzi wengi wa Eastlands walipokea masomo kwa simu ya mzazi, ambaye alirudi nayo jioni. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta kwamba asilimia 47.3 ya watu wenye umri wa miaka 3 na zaidi wana simu, na asilimia 10.4 hutumia kompyuta. Katika pengo hilo ndimo wamo wengi wanaojua kusoma yaliyoandikwa na wengine, bila kuwa na mahali pa kukaa waandike yao. Programu iliyo ndani ya simu ya kijana wa Dandora, kwa kawaida, iliandikwa na mtu aliyeketi mbele ya kompyuta.

Mtihani wa Kidato cha Nne wa somo la Kompyuta una karatasi ya pili ya vitendo, na mtahiniwa huifanya kwa kompyuta. Wakati wa likizo nimewaona wanafunzi wakienda saiba asubuhi na mapema, saa ambayo wateja ni wachache, wawili wawili katika kiti kimoja ili wagawane gharama. Mmoja hushika baobonye, mwenzake hushika simu na kumsomea swali. Nusu saa ikiisha, hubadilishana.