Kubadilisha plafo ya nyumba ya zamani: plako inashikwa na nini?

Mjini Bukavu kama vile Goma na Uvira, nyumba nyingi za zamani ziko na plafo ya tripleksi. Miaka inapita, mvua inapenya kwenye bati, tripleksi inavimba, panya na popo wanafanya makao. Siku hizi wenye nyumba wengine wanachagua plako, yaani bamba la jasi lililofunikwa na karatasi ngumu pande zote mbili. Plako iko laini na haishiki moto haraka. Lakini ni nzito.

Tripleksi ya milimita 4 inapima kilo 2 hadi 3 kwa meta mraba. Plako ya milimita 12,5 inapima karibu kilo 9. Chumba cha meta 4 kwa 4 kitakuwa na zaidi ya kilo 140 juu ya vichwa vya watu. Tena kwetu udongo unatikisika: Bukavu inakumbuka tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, na Goma ile mitikisiko iliyofuata mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021.

Kuangalia mbao kwanza

Kwanza bati litengenezwe, sababu plako ikilowa inalegea na kuanguka. Umeme ukatwe mbele ya kutoa plafo. Kama plafo ya zamani ni mabamba magumu ya simenti, yanaweza kuwa na amianti: yasivunjwe wala kukatwa na msumeno, vumbi lake linaleta kansa ya mapafu. Kisha kila mbao ichomwe na bisibisi. Ikiingia bila nguvu, mbao imeoza ao imeliwa na mchwa; ibadilishwe.

Kipimo kati ya mbao

Plako inaomba mbao kila santimeta 60, si zaidi; 40 ni salama kuliko. Katika nyumba za zamani, shevroni ziko mbali mbali na hazilingani. Fundi asifuate ile mipindo. Avute kamba toka ukuta hadi ukuta, apige lati mpya zenye upana wa santimeta 5 hivi, na azikaze kwa shevroni nzima. Lati zizunguke pia kuta zote. Bamba liwekwe kwa kuvuka lati, na ncha zake zikutane katikati ya mbao, si hewani. Viungo vya mistari miwili visifuatane.

Visi, si misumari

Wengine wanasema: « Piga tu misumari, itashika. » Msumari unateleza polepole kwa sababu ya uzito na mitikisiko. Visi za milimita 35 zinafaa, moja kila santimeta 30 ao chini, na santimeta 1 ao zaidi toka ukingo. Kichwa kizame kidogo bila kupasua karatasi. Bamba moja la meta 1,2 kwa 2,4 linapima karibu kilo 26: watu wawili walinyanyue, na nguzo yenye umbo la T ilishikilie. Taa nzito ifungwe kwa mbao, si kwa plako.

Mwenye nyumba aombe kuona lati zote mbele plako haijapandishwa. Kisha rangi kupakwa, hakuna mtu ataona tena kile kinachoshika plafo.