Watawa wa Kibudha wanaohesabu umri kwa misimu ya mvua

KATIKA vilima vya Gidgegannup, kaskazini mashariki mwa jiji la Perth nchini Australia, kuna makao ya watawa wa kike wa dini ya Kibudha yaitwayo Dhammasara. Jamii yao ni ndogo, na mtawa hapo haulizwi ana miaka mingapi tangu azaliwe. Nafasi yake wakati wa kuketi na kula hutegemea idadi ya misimu ya mvua aliyoikamilisha tangu atawazwe.

Hesabu hiyo si mila tupu. Ndiyo inayoamua ni nani atakayeruhusiwa kuwatawaza wanawake wengine, jambo lenye uzito mkubwa katika dhehebu la Theravada ambako safu ya watawa wa kike ilikuwa imekatika kwa takriban miaka elfu moja.

Maisha ya kila siku

Makao ya Dhammasara yalianzishwa mwaka 1998 na Chama cha Wabudha cha Australia Magharibi, ndani ya msitu wa mikaratusi. Watawa huishi katika vibanda vilivyotengana na kukutana kwa sala, kazi na chakula.

Mtawa aliyetawazwa kikamilifu, yaani bikhuni, hufuata kanuni 311, ilhali mwenzake wa kiume hufuata 227. Hashiki pesa, hachimbi ardhi, wala haweki akiba ya chakula. Hula tu alichokabidhiwa na mtu mwingine siku hiyo, tena kabla ya adhuhuri. Baada ya hapo hagusi chakula hadi alfajiri.

Kutokana na sharti hilo, watawa hawawezi kujitenga kabisa na ulimwengu. Riziki yao iko mikononi mwa waumini wanaowaletea chakula, nao huwalipa kwa mafundisho na ushauri. Mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapopevuka, bikhuni hukusanyika kukariri kanuni zao, baada ya kila mmoja kuungama makosa yake.

Mwaka wa watawa

Kiini cha mwaka ni Vasa, kipindi cha miezi mitatu kinachoanza baada ya mwezi mpevu wa Julai hadi ule wa Oktoba. Desturi hiyo ilianzia India ya kale, ambako watawa waliotembea wakati wa masika walilaumiwa kwa kukanyaga mimea michanga na kuua viumbe wadogo. Kwa bahati njema, miezi hiyo huwa ya mvua na baridi huko Perth pia.

Wakati wa Vasa mtawa hutulia mahali pamoja. Akipata dharura inayokubalika, kama vile ugonjwa wa mzazi, anaweza kuondoka kwa muda usiozidi siku saba.

Siku ya kufunga kipindi hicho, kila mtawa huwaomba wenzake wamweleze kosa lolote waliloliona, walilolisikia au wanalolishuku kwake. Katika jamii ndogo ambayo watu wamekaa pamoja kwa miezi mitatu, ombi hilo si jepesi.

Ndani ya mwezi unaofuata huwa na sherehe ya Kathina. Waumini huleta kitambaa ambacho watawa hukikata, kukishona na kukitia rangi hadi kiwe vazi kamili kabla ya kupambazuka siku ya pili.

Kuanzia Desemba huingia kiangazi, na hofu ya moto wa msituni nayo huongezeka. Mnamo Februari 2021, moto ulioanzia Wooroloo ulienea hadi vilima vya Gidgegannup na kuteketeza nyumba 86. Mwezi Mei waumini huadhimisha Vesak, sikukuu ya kuzaliwa, kupata nuru na kufariki kwa Budha, na baada ya hapo maandalizi ya Vasa huanza upya.

Safu iliyokatika

Mapokeo yanasema kuwa utawa wa kike ulipelekwa Sri Lanka katika karne ya tatu kabla ya Kristo na Sanghamitta, bintiye Mfalme Ashoka. Ulitoweka huko yapata karne ya 11, katika enzi ya vita. Kwa kuwa kanuni zinataka mwanamke atawazwe na bikhuni pamoja na watawa wa kiume, wengi waliamini mlango umefungwa daima. Nchini Thailand, agizo la mwaka 1928 liliwapiga marufuku watawa wa kiume kuwatawaza wanawake.

Wanaounga mkono ufufuzi hujibu kwamba safu hiyo haikufa yote. Katika karne ya tano, bikhuni kutoka Sri Lanka walisafiri hadi China na kutawaza wanawake huko, na kizazi chao kingalipo Asia Mashariki. Kwa msingi huo, wanawake 10 wa Sri Lanka walitawazwa Sarnath, India, mwaka 1996, kwa msaada wa watawa kutoka Korea.

Zamu ya Dhammasara ilifika Oktoba 22, 2009. Wanawake wanne walitawazwa katika makao ya wanaume ya Bodhinyana, yanayoongozwa na Ajahn Brahm, mzaliwa wa Uingereza. Bikhuni Tathaaloka alitoka Marekani kuwa mlezi wao. Siku chache baadaye, viongozi wa mtandao wa Wat Pah Pong nchini Thailand waliyaondoa makao ya Bodhinyana katika ushirika wao.

Hata hivyo, kutawazwa ni mwanzo tu. Bikhuni hawezi kuwa mlezi wa mwingine kabla ya kutimiza Vasa 12. Aliyetawazwa Oktoba 2009 alianza hesabu yake Julai 2010, na kwa kudumu katika utawa angeikamilisha mwaka 2021. Hata akifikia hapo, kanuni humzuia kutawaza wanawake wawili katika mwaka mmoja, au kutawaza miaka miwili mfululizo.

Hivyo mlezi mmoja hawezi kuongeza zaidi ya bikhuni mmoja kila baada ya miaka miwili, na huyo naye hana budi kungoja misimu yake 12 ya mvua.