Neno "Mkunga" na Asili Yake

Mwalimu akifika katika kitabu cha Kutoka, sura ya kwanza, haikosi ataulizwa: hao Shifra na Pua walikuwa watu gani? Katika Biblia ya mwaka 1952 wameitwa wazalisha. Katika Habari Njema wameitwa wakunga. Mtoto wa Unguja akilisikia neno la pili haulizi tena, maana mkunga amjua tangu kwao.

Je, maneno haya ni mamoja? Mimi naona sivyo. Mzalisha hutokana na kuzalisha, na mtoto akiisha kuzaliwa kazi yake imekwisha. Mkunga ni zaidi ya hayo. Kwa desturi ya Unguja, mjini na mashamba, mzazi hukaa ndani siku 40, akakandwa kwa maji ya moto, akafungwa mkaja tumboni. (Mkaja huo ndio uliolipa jina lake lile tunzo apewalo mama wa bibi arusi.) Mwenye kuyajua hayo yote ndiye aliyeitwa mkunga, na wazee walionya: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Hawakusema wazalisha.

Ama kwa asili, mtu aweza kulitoa katika kitenzi kunga, yaani kushona upindo wa nguo. Lakini nadhani njia hiyo ni ndefu bure. Karibu zaidi liko jina kunga, mambo ya siri yafundishwayo, na ndugu yake kungwi, afundishaye wari katika unyago. Kama mganga alivyo na uganga, ndivyo mkunga alivyo na ukunga. Wala asichanganywe na mkunga wa baharini, samaki mrefu mfano wa nyoka. Wingi wa jina lake ni mikunga.

Siku hizi, katika hospitali ya uzazi ya Mwembeladu, mkunga ni muuguzi aliyesomea, na yule bibi wa mtaani ameongezewa neno, huitwa mkunga wa jadi. Mwenye jina tangu zamani ndiye anayetakiwa kujieleza! Lakini mwanamke wa shamba hasemi "wa jadi". Karani akimwuliza kama alizalishwa na mkunga, ataitika naam, wala hakusema uongo. Na karani ataandika kwamba alihudumiwa na aliyesomea. Kumbe mzazi yule alitokwa na damu usiku kucha, na nyumbani hamkuwa na dawa ya kuizuia.